Jinsi Jumbe Fisi Alivyobweka Mchana Kweupe

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, fisi walipokuwa wakivaa kanzu na nyati wakifunga milango kwa komeo, palikuwa na kijiji kilichoitwa Mtipwili. Wanyama wa Mtipwili waliishi majumbani kama sisi. Walipika, walifagia, asubuhi walisalimiana na jioni walisengenyana.

Jumbe wao alikuwa Fisi. Msiniulize alichaguliwaje. Alikuwa na tumbo kubwa na sauti kubwa, na pale Mtipwili hivyo viwili vilitosha kumfanya mtu kiongozi. Mlinzi wa ghala alikuwa Nyati. Huyo alikuwa na shingo nene na pembe nene, na baina ya pembe zile hapakuwa na kitu cha maana.

Jirani na ghala alikaa Mbwa. Alikuwa mbwa mdogo wa msituni, rangi ya kahawia, masikio yamesimama. Na alikuwa habweki. Msishangae, mbwa wa namna hiyo wapo. Akifurahi au akiita, alitoa sauti ya kuzunguka, "Uruu-ruu-ruuu!", kama mtu anayeimbia ndani ya mtungi. Kwa hiyo wakamwita Bubu.

"Mbwa asiyebweka!" Fisi alizoea kusema. "Ni sawa na jogoo anayelia mee! Kwi-kwi-kwi!"

Nyati naye alicheka, "Ho-ho-ho!" Hakujua kinachochekesha. Alijua tu kwamba Jumbe amecheka.

Sasa, mle ghalani mlikuwa na mitungi ya samli. Wake wa nyati waliisuka kwa maziwa yao msimu mzima, nayo ilikuwa ya wazazi peke yao. Kila mama aliyejifungua alichotewa upawa mmoja kwa siku, atie kwenye uji wake mpaka apate nguvu. Wengine wote hawakuruhusiwa hata kuonja, Jumbe akiwemo.

Asubuhi moja Bi Swala, ambaye alikuwa na mtoto mchanga, alikwenda ghalani na kibuyu chake. Nyati akavuta komeo, krrr! Lo! Mitungi ilikuwa mitupu. Imelambwa hadi inang'aa.

"Yalaa!" Bi Swala akapiga ukunga. "Samli ya wazazi! Nimnyonyeshe nini mwanangu?"

Kijiji kizima kikaja mbio. Mbwa naye akaja, maana hata yeye alikuwa mzazi. Nyumbani aliacha watoto wanne waliolala wamerundikana. Macho yao yalikuwa bado yamefumba na masikio yameziba, kwa kuwa watoto wa mbwa huzaliwa hivyo, hawaoni wala hawasikii.

Alisogelea mtungi akanusa mara moja tu. Pua ya mbwa haihitaji mara ya pili. Ubavuni mwa mtungi palikuwa na tope la mwilini mwa Nyati. Ndani palikuwa na harufu ya kinywa ambacho hakijapigwa mswaki tangu kizaliwe, na kinywa cha namna hiyo pale kijijini kilikuwa kimoja.

Alipoinua kichwa, Fisi alikuwa akimtazama.

"Nani anakaa karibu na ghala?" Fisi akauliza haraka haraka.

"Bubu!" Nyati akajibu.

"Na nani ulimi wake haukai mdomoni?"

"Bubu!"

"Basi, kesi imekwisha."

"Haijaanza, Jumbe," Mbwa akasema. Alisema kwa sauti ya upole, lakini mkia ulikuwa ukimcheza.

"Mtazameni!" Fisi akapiga makofi. "Anatikisa mkia! Amekula samli yetu na bado anafurahi!"

"Sifurahi, Jumbe. Mkia wa mbwa ukielekea zaidi kulia, hiyo ni furaha. Ukielekea kushoto, ni hofu. Angalia wangu unaelekea wapi."

Kisha Fisi akaangua kicheko.

"Mkia wenye kulia na kushoto! Kwi-kwi-kwi!"

"Labda una kaskazini pia!" akasema Nyati, akajiona amesema jambo kubwa.

Mbwa hakujali. Akaonyesha ukingo wa mtungi. "Hapa umebaki utando wa samli, na juu yake pana alama ya pua. Pua ya kila mbwa ina mistari yake, hakuna mbwa wawili wenye mistari inayofanana. Nileteeni udongo laini niibonyeze yangu, mlinganishe."

"Alama gani?" Fisi akauliza, na hapo hapo akaupangusa ukingo kwa mkono wa kanzu yake. "Mimi sioni alama."

"Basi nendeni mkanuse sakafu ya ghala. Jasho la mbwa liko kwenye nyayo. Ningeingia mle, kila hatua yangu ingeacha harufu."

"Jasho la nyayoni!" Fisi akashika mbavu. "Jamani! Sisi wenye heshima zetu tunatoka jasho kwapani! Kwi-kwi-kwi!"

Watu wote wakacheka. Walicheka waliokuwa na akili na walicheka wasiokuwa nazo, na kwa kweli siku ile ilikuwa vigumu kuwatofautisha.

Fisi akafuta machozi ya kicheko. "Hukumu ni hii. Kesho jua likizama, uwe umevuka mto. Wewe na vitoto vyako."

Mbwa akautazama mto. Ng'ambo ya mto hapakuwa na nyumba wala kichaka, ni uwanda mtupu na tai wanaozunguka juu. "Jumbe, watoto wangu hawajafumbua macho."

"Vizuri. Hawataona wanakokwenda." Akageuka, kanzu ikipepea, Nyati nyuma yake.

Watu wakatawanyika. Alibaki Bi Swala peke yake.

"Shoga," akanong'ona, "mbona hukuwataja? Nilikuona ukinusa. Unawajua."

"Ningewataja, ningefukuzwa leo badala ya kesho." Hofu ilikuwa inamtoka Mbwa na dharau inaingia mahali pake. "Umesikia mwenyewe. Nimewapa kweli tatu, safi, hazina hata doa. Wamezicheka zote. Hawa hawali kweli, shoga. Ngoja niwapikie uongo."

Alasiri ile ile akaenda barazani kwa Jumbe. Fisi na Nyati walikuwa wamekaa na majirani wakinywa kahawa, na Bi Swala alikuwa amekuja kurudisha kinu. Mbwa akapiga magoti, akainamisha kichwa.

"Jumbe, nimekuja kuaga. Na kuna jambo nimelificha, roho inanisuta."

"Aha! Sema."

"Ile samli haikuwa samli tupu. Ilipokuwa ikisukwa, mimi niliitia mate ya kinga, kama alivyonifundisha bibi yangu. Mzazi akiila haimdhuru kitu. Lakini asiye mzazi akiila..." Akasita, akatikisa kichwa. "Basi, tuyaache."

Kikombe cha Fisi kilikuwa kimesimama njiani, hakiendi mdomoni wala hakirudi chini.

"Akiila anakuwaje?"

"Anageuka mbwa."

Nyati akameza mate, gluu!

"Anaanza polepole, Jumbe. Mbwa akipiga miayo mbele yake, naye hupiga miayo. Asiyekula naye huweza kupiga, ila yake huishia hapo. Aliyekula, baada ya miayo, sikio la kushoto huanza kumwasha. Akishalikuna tu, kwisha. Manyoya, ukosi, mkia. Mwisho anainua mguu kwenye kila mti, hata mbele ya wakwe zake."

Kisha Mbwa akafumba macho, akafungua kinywa taratibu, meno yote nje, akapiga miayo mirefu: "Aaaah-wuuu!"

Sasa, wajukuu, miayo ya mbwa huambukiza. Mtazameni wa kwenu akipiga, mtaona. Majirani wakapiga miayo, wakacheka, wakaendelea na kahawa yao. Bi Swala akapiga. Lakini Fisi! Aliziba mdomo kwa mikono miwili, mashavu yakavimba, macho yakamtoka, na miayo ikapita puani, "Fyuuu!" Nyati yeye alifunua kinywa kama mlango wa ghala.

Mbwa akaanza kulitazama sikio la kushoto la Fisi. Alilitazama tu, kwa huruma.

Na sikio mnalijua. Ukiambiwa linakuwasha, linakuwasha.

"Kru-kru-kru!" Huyo alikuwa Nyati, anajikuna kwenye nguzo ya baraza mpaka paa linadondosha makuti.

"Nauliza tu," Fisi akasema, sauti imekauka, "kama Jumbe, kwa faida ya raia wangu. Dawa yake ipo?"

"Ipo, ila ni ya aibu. Mgonjwa achukue samli ile ile aliyobakiza, ajipake puani. Kesho, jua likiwa la utosini, asimame mbele ya mlango wa ghala abweke mpaka samli yote iyeyuke idondoke. Na abweke kwa nguvu. Kubweka kwa kunong'ona hakuponyi."

"Kwa nini jua la utosini?"

"Kwa sababu ndipo samli inapoyeyuka, Jumbe."

Hilo hata Nyati alilielewa.

Kesho yake adhuhuri jua liliwaka kama tanuri. Mtipwili nzima ilijifungia ndani kupumzika. Mbwa na Bi Swala walikaa nyuma ya ua wa ghala, kimya. Mbwa alikuwa ameshawafunga watoto wake kwenye kanga, tayari kwa safari, maana uongo nao unaweza kukataa kuiva.

Mara, tipu-tipu-tipu! Fisi huyo, amekunja kanzu hadi magotini, anatazama huku na huku, pua inang'aa. Alipofika mlangoni, kutoka upande wa pili akatokea Nyati. Pua inang'aa.

Wakatazamana.

"Unafanya nini hapa?" Fisi akauliza.

"Nalinda ghala, Jumbe."

"Na hicho puani?"

"Jasho."

"Hata mimi," akasema Fisi. "Joto kali leo."

Wakasimama wakitazama angani kama wageni wawili. Kisha sikio la Fisi likamwasha tena, na heshima yote ikamwishia.

"Bwe," akasema polepole.

"Bwe," akaitikia Nyati.

"Bubu alisema kwa nguvu, wewe!"

"BWE! BWE! BWE!"

"MBWOOO! MBWOOO!"

Nyuma ya ua, Bi Swala alijiziba mdomo kwa upindo wa kanga asipasuke. Mbwa akainua pua juu, akavuta pumzi, akaita kwa sauti yake yote: "Uruu-ruu-ruuuuu!"

Milango ikafunguka, pwaa! pwaa! pwaa! Watu wakatoka wakidhani nyumba inaungua. Wakamkuta Jumbe wao chini kwa miguu minne, macho amefumba, anabweka, samli inamtiririka kwenye kanzu.

Fisi alipofumbua macho aliona kijiji kizima.

"Ah," akasema. "Karibuni. Tulikuwa... tunalinda ghala. Tumeona tulilinde kwa kubweka, maana mbwa wetu habweki."

"Na hiyo samli?" sauti ikauliza. Alikuwa Mama Nyati, amekuja na mwiko mkononi. "Mimi naijua samli yangu. Nimeisuka mpaka mabega yakavimba! Na wewe mume wangu uliniambia kiuno hakikuruhusu hata kunichotea maji, kumbe kilikuruhusu kuinamia mtungi?"

"Mke wangu, ngoja!" Nyati akalia. "Usitukatize! Jumbe, bweka, bado iko puani kwako! Tuliila pamoja na tutageuka mbwa pamoja!"

Fisi akamtazama kwa macho ya kuua, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Mbwa akatoka nyuma ya ua. Hakuinama wala hakupiga magoti safari hii.

"Mgeuke mbwa?" akasema. "Nyinyi? Kuwa mbwa si jambo la kupewa kila mtu, Bwana Nyati. Sikutia mate yoyote. Ile ilikuwa samli tu, na ile miayo ilikuwa miayo tu. Jana asubuhi niliwaambia kweli mkanicheka. Alasiri nikawaambia upuuzi, na leo mmejipaka puani."

Hapo kijiji kilicheka hadi wengine wakakaa chini. Na waliocheka zaidi ni wale wale waliomcheka Mbwa jana, lakini Mbwa hakuwapa hata tabasamu.

Wakaenda nyumbani kwa Fisi, wakakuta mtungi mmoja wa samli chini ya kitanda, nusu yake bado imejaa. Bi Swala akachotewa wa kwanza, na Mbwa wa pili, na ile hukumu ya kuvuka mto ikafutwa. Fisi akavuliwa kanzu ya ujumbe, yeye na Nyati wakakabidhiwa kwa Mama Nyati wasuke maziwa mpaka mitungi yote ijae upya, vinywa vimefungwa kwa kamba ya ukindu ili wasilambe.

"Sukeni!" Mama Nyati aliwaambia, mwiko mkononi. "Na nisisikie mtu anabweka!"

Siku mtungi wa mwisho ulipojaa, Fisi aliondoka Mtipwili bila kuaga, na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

Hadithi imefika ukingoni, wajukuu, na fundisho lake ni hili: anayeicheka kweli kwa sababu imesemwa na mdogo, hataujua uongo utakapomfika mdomoni.