Bawa la Pili

Mwaka ule jua lilikausha kila ua, isipokuwa yale ya bustani ya Simba kando ya chemchemi. Naye Simba, kwa majivuno yake, alikuwa anamwoza binti yake.

"Kuta za ukumbi wangu zi tupu kama kichwa cha Fisi!" akanguruma. "Atakayezipamba, bustani ni yake."

Bi Kipepeo aliruka, akayumba, akaruka tena. Mayai yake yalikuwa karibu kuanguliwa, na wanawe wangekula nini? Akatandaza kitambaa cheupe. Upande mmoja akachora bawa lake: jicho la buluu, ukingo mwekundu, vitone vya manjano. Rangi aliichanganya na asali ili ishike. Ingali mbichi, akakikunja kitambaa katikati, akarukaruka juu yake, tipu, tipu, tipu! Akakifunua. Bawa moja likawa mawili.

"Dada, hiyo ni kazi au ngoma?" akauliza jirani yake, Sungura.

"Vyote! Njoo nyumbani tutafute kamba ya kukitundikia."

Walipoondoka tu, Fisi akaja kuiba. Pua ikanusa asali, ulimi ukatangulia. Akalamba jicho moja lote, akafumba kinywa, akakwapua kitambaa, huyo kwa Simba.

"Nimechora mwenyewe, Mtukufu," alisema, meno kayabana.

"Mwongo!" akalia Bi Kipepeo, akiingia mbio pamoja na Sungura. "Wanangu watakufa njaa!"

"Shahidi wako nani?" akauliza Simba.

Sungura akatazama pale kitambaani jicho lilipofutika, akatazama midomo ya Fisi, akatabasamu.

"Mpe tu bustani, Mtukufu. Namwona Fisi wetu asubuhi, waridi sikioni, akiwaimbia nyuki: 'Karibuni chai, wapenzi!'"

Fisi akajiona hivyo akilini. Akajizuia. Tumbo likatetemeka, mashavu yakavimba, kisha hahahaaa! Kinywa wazi! Ulimini jicho la buluu, na juu kwenye kaakaa jicho la pili, lililochapika alipofumba. Kila alipocheka, kipepeo wa rangi alipiga mabawa kinywani mwake.

Ukumbi mzima ukagaagaa. Simba mwenyewe akasahau fahari, akalia machozi. Fisi akakimbia, akicheka asiweze kuacha, na kipepeo wake akipepea mpaka alipotokomea vichakani.

Siku ya harusi viwavi wa Bi Kipepeo walikula majani ya bustani yao mpaka wakalala chali. Fisi alinusa pilau kutoka mbali, kinywa kakifumba.

Hadithi nimeikunja hapa. Mwenye ulimi safi na aifunue.