Kwa Nini Hondohondo Hubisha Hodi Kwake Mwenyewe

Ulikuwepo wakati ambapo viota vyote vilikuwa wazi, na neno hodi halijazaliwa. Ungebisha hodi wapi, na tundu liko wazi kama mdomo wa mlevi aliyelala? Aliyetaka kuingia aliingia. Aliyetaka kumtoa mwenzake alimtoa. Ninyi mnaopukuchua mahindi huku mnanisikiliza kwa sikio moja, leteni na hilo la pili, maana kisa hiki kinawahusu.

Zama hizo hondohondo, yule ndege mkubwa mweusi mwenye mdomo mzito kama jembe, alikuwa na sheria zake. Msiniulize kama majike walizikubali. Siku sheria hizo zinatungwa, madume walikaa kikao juu ya tawi, na majike walikuwa wanahangaika kutafuta makuyu ya kulisha kikao. Sheria zikapita kwa sauti moja, jambo la kawaida kabisa mahali penye sauti ya aina moja.

Ya kwanza ilisema tundu ni la ukoo wa mume. Mke akiambiwa atoke, anatoka. Ya pili ilisema manyoya ya mbawa za mke ni mali ya ukoo huohuo, kwa kuwa ndio uliomvisha siku ya harusi, hivyo akiondoka ayaache. Ndege asiye na mbawa ataondokaje? Hilo halikuwa kwenye ajenda.

Zikafuata nyingine ndogondogo ambazo hakuna aliyezitazama tena. Moja ilitungwa kwa sababu ya kindi waliokuwa wakiiba akiba za matunda: kilichozibwa azibue aliyekiziba, mwingine akikizibua ni mwizi. Nyingine ilitungwa harusini, kwa majigambo tu, pombe ya ndizi ikiwa imeshapanda kichwani: mwenye tundu ndiye mlishaji wa walio ndani. Madume wakapiga mbawa kwa shangwe, wakalala, wakasahau.

Nakiete alikuwa mke wa Sengondo. Waliishi katika tundu la mvule, mlimani, na aliyeliona tundu lile kwanza ni Nakiete. Yeye ndiye aliyewatoa popo, akakwangua uchafu wao, akatandika magome makavu. Sengondo hakuwa dume mbaya. Alikuwa dume wa tutaona. Ukimwuliza jambo lolote lenye uzito alijikuna shingo, akasema tutaona, na kweli kazi yake ikawa kuona tu.

Msimu ule Nakiete alitaga. Kabla mayai hayajapata joto sawasawa akaingia Mbazi, kaka mkubwa wa Sengondo, akajizungusha humo ndani na kupima kuta kwa mdomo.

"Shemeji, pazuri hapa."

"Ahsante, shemeji. Unakanyaga mayai."

"Aa, pole. Sasa, mdogo wetu wa mwisho anaoa na hana pa kumweka mke. Ukoo umekaa, umeona tundu hili litamfaa. Ninyi mtapata jingine."

"Lini?"

"Mungu akijalia."

"Na mayai nitahama nayo vipi, shemeji? Niyatie kwapani?"

Mbazi akacheka cheko la mtu ambaye hajawahi kuhamishwa popote. "Ndiyo maana tulimwambia Sengondo asioe jike mwenye majibu. Haya, mvua zikikatika tunakuja. Na manyoya yetu tuyakute."

Alipoondoka, Nakiete akamtazama mumewe, aliyekuwa amekaa tawi la nje muda wote huo kama mgeni kwenye msiba.

"Umesikia, mume wangu?"

"Nimesikia."

"Unasemaje?"

Sengondo akajikuna shingo. "Wale ni wakubwa, mke wangu. Tutaona."

Nakiete akamkumbuka mama yake. Naye alitolewa tunduni, akayaacha manyoya kama sheria ilivyotaka, akateremka mti kwa miguu. Hakufika mbali. Chini kuna nguchiro.

Basi akaatamia huku akifikiri. Pembeni mwa tundu nyigu wa udongo alikuwa akijenga chumba chake, tonge kwa tonge, kisha akakiziba. Hakuna aliyewahi kumwambia nyigu ahame. Nakiete alimtazama nyigu yule mpaka mvua zikaanza kupungua, halafu ghafla akawakumbuka wale kindi.

Akashuka kijitoni, akarudi na udongo mdomoni. Akashuka tena na tena. Akaukanda na mate, maganda ya makuyu na kinyesi. Msikunje nyuso, nyumba za babu zenu zilisilibwa kwa samadi na mlizaliwa humo. Akajifungia ndani na kuukandika ukuta kutoka ndani, akaupiga mdomo mpaka ukalainika, akabakiza ufa mwembamba wa kupitisha pumzi.

Mbazi alipokuja na ukoo mzima nyuma yake, alikuta ukuta. Akainua mdomo ili aubomoe.

"Gonga, shemeji," sauti ikatoka ufani. "Gonga kwa nguvu, majirani waje wamwone mwizi."

Mdomo wa Mbazi ukabaki hewani. Ikabidi aitwe Kongoti, hakimu wa ndege, yule mwenye upara na koti la kijivu, anayetembea utadhani ameweka mikono mgongoni. Alikuja na karani wake Kasuku, aliyekuwa na lugha saba na hana wazo lake hata moja. Ndege wa namna hiyo hawakosi ajira.

"Oda!" akasema Kasuku. "Oda! Oda!"

"Tumekusikia," akasema Kongoti. "Mdai, sema."

"Mheshimiwa," akasema Mbazi, "tundu ni letu. Jike huyu ametufungia nje ya mali yetu."

"Limezibwa na nani?"

"Na mimi, mheshimiwa," akajibu Nakiete kutoka ndani.

Kongoti akakuna upara. "Basi hapo mmekwama. Kilichozibwa azibue aliyekiziba. Mlitunga wenyewe."

"Ile ilikuwa ya kindi!"

"Haikutajwa kindi."

Mbazi akavimba. "Sawa. Basi atupe manyoya yetu! Yale ni yetu, hilo halina mjadala!"

Kwenye ufa ukachungulia unyoya mrefu mweusi. Ukateleza, ukaelea, ukatua miguuni pa Mbazi. Ukafuata mwingine. Kila mmoja ulitanguliwa na sauti ndogo ya maumivu ambayo Nakiete alijitahidi kuimeza, na waliosimama karibu waliisikia. Manyoya yakaendelea kudondoka mpaka chini ya mvule pakawa peusi.

"Hayo hapo," akasema Nakiete, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa baridi. "Sasa nina nini chenu? Mheshimiwa, naomba kuuliza. Tundu ni la nani?"

"Nimeshasema!" Mbazi akafoka. "Ni la ukoo wa Sengondo!"

"Karani amelishika hilo?"

"Ni la ukoo wa Sengondo," akarudia Kasuku, kwa lugha saba.

"Vizuri. Mwenye tundu ndiye mlishaji wa walio ndani. Nina njaa."

Majike waliokuwa kwenye matawi ya jirani wakaangua kicheko kilichosikika hadi bondeni. Mbazi akageuka huku na huku. "Basi si letu!"

"Kama si lenu," akasema Kongoti taratibu, "mmekuja kudai nini hapa?" Akamgeukia Sengondo. "Wewe ndiye mume. Kula au kufa kwa walio ndani kuko kwako. Tundu ni lako au si lako?"

Ndege wote wakamtazama. Mbazi akamsogelea, akamnong'oneza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Sema si lako, twende zetu. Njaa itamtoa tu."

Sengondo akajikuna shingo. "Tuta..." akaanza. Hakumaliza. Akaruka, akaenda zake.

Mkutano ukavunjika. Nakiete akabaki ndani, uchi, ukuta umekauka na kuwa jiwe, na hata kama angeubomoa asingekuwa na mbawa za kumpeleka popote. Hapo ndipo alipojua kwamba sheria inaweza kukupa ukuta ila haikuletei chakula. Akayafunika mayai kwa ngozi tupu. Mvua zilizodhaniwa zimekatika zikarudi. Njaa ikauma, ikanyamaza, ikauma tena.

Asubuhi moja akasikia kitu kinagusa ukuta. Hakikugonga kama Mbazi. Kiligusa kidogo, kikasubiri.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Sengondo hakuwa ameulizwa swali hilo maisha yake yote, tena mlangoni kwake. Akakohoa. Kooni likamkwama neno, likatoka vipandevipande, "Ho... hoo... hodi." Hakujua limetoka wapi. Lilikuwa jipya.

"Umeleta nini?"

"Makuyu. Yameiva."

"Kaka yako anasemaje?"

"Anasema mimi si dume."

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemwambia tundu ni letu."

"Letu, wewe na nani?" Sauti ya Nakiete ilikuwa nyembamba kama uzi, lakini haikulegea. "Maana letu hilo nimelisikia sana msimu huu."

Safari hii Sengondo hakujikuna. "Mimi na wewe."

Akausogelea ufa, kuyu mdomoni. Kisha akasikia, "Karibu. Mdomo tu."

Akapitisha kuyu ufani. Akaenda, akarudi. Alikonda msimu ule, madume wenzake wakamcheka, kisha wake zao wakawauliza wanachocheka ni nini, wakaacha. Mayai yakaanguliwa. Na Nakiete akaota manyoya, meusi, yenye kung'aa, ambayo hakuna ukoo uliomvisha. Yalipotimia aliuvunja ukuta kwa mdomo wake mwenyewe, akatoka, akapita juu ya kichwa cha Mbazi bila haraka. Mbazi alikwenda kwa Kongoti kuuliza kama manyoya yale mapya nayo ni ya ukoo. "Mlimvisha lini?" akaulizwa. Hajajibu hadi leo.

Tangu msimu ule mpaka huu tulio nao, hondohondo jike akitaka kutaga hujiziba tunduni, akayaacha manyoya ya zamani, akatoka na yake. Utawasikia wanaume wakipita njia ya msituni wakionyeshana kwa kidole: mwone yule dume, anajua kumfungia mke! Wapandisheni huo mti. Alama za mdomo ziko upande wa ndani.

Naye dume, hata awe na makuyu yaliyoiva kiasi gani, hutua pembeni, hugusa ukuta kidogo, husubiri. Akijibiwa, hupitisha mdomo. Mdomo tu.