Vyungu vya Harusi ya Mlimani

Kabla hujataja njaa yako, uliza ya mwenzako.

Ndiyo, nimesema mimi bibi yenu, na nitasema tena. Mnacheka nini? Huyu Lusajo ametoka kutafuta chumba cha kufungulia saluni, akamwambia mwenye nyumba, "Mama, nimezunguka mji mzima, nisipopata hiki nimekwisha." Ehe! Kodi ikapanda pale pale, yule mama hata hajanyanyuka kitini. Sasa amerudi amenuna, anatuambia watu wa siku hizi wabaya. Watu si wabaya, mjukuu wangu. Kisu ulimpa mwenyewe, ukamwinamishia na shingo.

Haya, mmeuliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka kwa wafinyanzi, watu wa kwetu ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mwaka ule mto ulipokula mashamba. Kaeni vizuri, na atakayeshika simu nitamfukuza.

Zamani hizo chungu hakikuwa na bei ya fedha. Bei yake ilikuwa tumbo lake mwenyewe. Ukitaka chungu, unakijaza mahindi au ulezi mara moja, nafaka anachukua mfinyanzi, wewe unabaki na chungu. Kidogo kwa kidogo, kikubwa kwa kikubwa. Sisi wa ufukweni tulikuwa na udongo mzuri, watu wa mlimani walikuwa na nafaka, na mambo yalikwenda hivyo miaka na miaka bila ugomvi.

Mwaka huo mvua zilikataa kukoma. Mto ukaacha njia yake, ukapita katikati ya mashamba, ukabeba mahindi yote na kutuachia mchanga na matope. Samaki walikuwepo, sikatai. Lakini samaki bila ugali ni kitoweo cha nini? Watoto wakaanza kukonda. Wazee wakamtuma Mwakalukwa apande mlimani kwa Ndelwa, mtu aliyekuwa na maghala yaliyojaa, akapatane naye.

Mwakalukwa alichaguliwa kwa sababu ya sauti. Alikuwa na sauti, yule bwana! Alipofika uani kwa Ndelwa, hata kigoda hajapewa, akaanza. "Ndugu yetu, tumekwisha! Shamba hatuna, akiba hatuna, watoto wanalia. Usipotusaidia wewe hatuna pengine pa kwenda!"

Ndelwa akamsikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa, akasema pole, pole sana. Kisha akataja bei: vyungu vitatu kwa kujaza kimoja. Na asiye na vyungu vya kutosha, alete mtoto akae pale mlimani afanye kazi, naye atapewa mizigo ya mahindi. Mtoto atarudi mavuno yakipatikana.

Msimtukane Ndelwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na huyu alikuwa mfanyabiashara aliyeonyeshwa shida ya mtu mchana kweupe. Hata Lusajo angefanya hivyo hivyo. Unabisha?

Bei hiyo ilipofika kijijini, aliyeumia kuliko wote alikuwa Atupele. Alikuwa mjane, mke wa marehemu kaka yake Mwakalukwa. Mafuriko yalikuwa yamevunja vyungu vyake karibu vyote. Nyumbani alikuwa na mama mkwe asiyeona vizuri, mtoto wa kunyonya, na binti yake mkubwa, Syabumi, aliyekuwa bado hajaota meno yake yote ya ukubwani. Atupele akapiga hesabu huku na huku, hesabu ikawa inaishia pale pale: vyungu vyake havifiki, kwa hiyo ni Syabumi. Na mnajua wenyewe, mtoto aliyewekwa rehani kwa watu, kurudi kwake ni majaliwa. Mavuno yakikosa tena, anabaki huko, anaolewa huko, unasikia habari zake kwa wapita njia.

Siku ya kupanda mlima ilipofika, Atupele akamchukua Syabumi. Hakumwambia sababu. Alishindwa. Alimpa chungu kidogo cha kubeba kichwani, basi.

Walikuwa kundi la wanawake na vyungu vyao, Mwakalukwa mbele. Njiani Atupele akamwuliza, "Shemeji, huyu Ndelwa alikwambia ana shida gani?"

"Shida!" Mwakalukwa akacheka. "Mtu mwenye maghala vile ana shida gani?"

"Lakini ulimwuliza?"

"Sikwenda kuuliza habari zake mimi, nilikwenda kutafuta chakula."

Atupele akatembea kidogo, kisha akasema, "Basi leo niachie nianze mimi kuongea."

"Anza tu. Bei mwenzio ameshaitaja."

Walipofika, Ndelwa alikuwa amekaa mlangoni, na jicho lake likaenda moja kwa moja kwa Syabumi. "Mmekuja na mtoto," akasema. "Vizuri."

Atupele akapiga magoti, akaamkia. Akauliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mgongo wa mzee maana alimwona anaushika. Ndelwa akajibu, akajibu, mwisho akachoka. "Mama, tufike kwenye maneno."

"Tutafika, baba. Ngoja kwanza tuwasalimu wenyeji."

Na wakati anasalimu, macho yake yalikuwa yanatembea. Akaona pale uani mikeka imetandazwa, na juu ya mikeka kuna kimea, ule ulezi uliolowekwa ukaota, unaanikwa kwa ajili ya pombe. Mkeka baada ya mkeka, mpaka nyuma ya nyumba. Mke wa Ndelwa alikuwa anaugeuza kwa mikono. Atupele alikuwa mpika pombe vilevile. Alijua kwamba kimea kile hakikuwa cha watu wa nyumba moja kukata kiu.

"Mama," akamwita yule mke, "kimea chote hiki! Kuna heri gani hapa?"

Weee! Yule mama uso ukamng'aa. "Binti yetu anaolewa mwezi ukipevuka! Wakwe wanatoka ng'ambo ya bonde, ukoo mzima unakuja."

"Hongereni sana! Hongera, baba! Mungu awape kheri." Wote wakapiga vigelegele, na haikuwa unafiki, harusi ni harusi. Kisha Atupele akauliza taratibu, "Na pombe yote hii mtapikia wapi?"

Mke akamtazama mumewe. Mumewe akakohoa, akatazama paa la ghala lake. Mwakalukwa akafungua mdomo aseme neno, Atupele akamkanyaga mguu. Nawaambia, alimkanyaga kweli, yule bwana aliondoka pale anachechemea. Atupele mwenyewe akanyamaza. Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Tunauliza swali zuri, halafu tunaogopa kimya, tunalijibu wenyewe.

Mwisho Ndelwa akasema, "Vyungu vya pombe vimenibakia viwili, mama, na kimoja kina ufa. Tangu mto wenu ufurike hamjaleta vikubwa. Mnaniletea hivi vya mboga."

Ilikuwa kweli. Vikubwa vilikuwa vizito, na watu wenye njaa hawakuwa na nguvu ya kuvipandisha mlima ule. Kumbe Ndelwa usiku halali! Wakwe wanakuja, kimea kinakauka, na aibu ya harusi bila pombe anaiona inapanda bonde.

"Vinaweza kupatikana," Atupele akasema. "Udongo tunao. Mto ulichukua mahindi ukatuletea udongo. Lakini baba, mfinyanzi mwenye njaa mkono wake hautulii, na chungu kikubwa kikifinyangwa na mkono usiotulia hupasuka motoni."

"Bei yako?"

Mwakalukwa akamnong'oneza kwa kilugha chao, "Mbane sasa! Ajaze mara tatu!"

Atupele akasema, "Bei ya siku zote, baba. Kila chungu kijazwe mara moja. Vidogo hivi tulivyokuja navyo vijazwe leo. Na nusu ya nafaka ya vikubwa tuondoke nayo leo, tule, tufanye kazi yako."

Nini, Tumaini? Kwa nini hakumbana? Kwa sababu mwaka ujao wangepanda mlima ule ule, mjukuu wangu. Kisha fikiri kidogo: chungu cha pombe kikijaa mahindi mara moja ni mzigo wa wanaume wawili. Biashara haigombi.

Ndelwa akafikiri sana. "Sawa," akasema. "Nimekubali. Ila mtoto abaki, ili nijue mtarudi."

Jamani. Syabumi akashika kanga ya mama yake kwa nguvu. Wanawake wakainamisha vichwa. Atupele alitaka kupiga kelele, alitaka kumshika yule mzee miguu, na angefanya hivyo ingekuwa basi tena, tungerudi kule kule kwenye kilio cha Mwakalukwa. Akamwekea Syabumi mkono begani.

"Baba, huyu ndiye anayenikandia udongo. Ukimshika yeye, umevishika na vyungu vyako. Tupe wewe mtu wako ashuke nasi. Tutamlaza, tutamlisha samaki, ataona kila chungu kinavyoingia motoni na kinavyotoka. Tukizembea, yeye ndiye atakayekuletea habari."

Mkewe akajifuta unga wa kimea mikononi, akasema, "Atakwenda mdogo wangu. Na wewe, baba watoto, maliza maneno, harusi haiwangojei."

Ndelwa akatazama mikeka, akamtazama mkewe, akacheka. "Haya. Fungueni ghala."

Vyungu vilifinyangwa, vikachomwa, vikapandishwa, na nasikia pombe ile wakwe walishindwa kuimaliza. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile waliteremka na mahindi, wanawake wanaimba, yule kijana wa mlimani, mdogo wake mke wa Ndelwa, amebebeshwa mzigo pamoja nao. Walipopita kona na nyumba ya Ndelwa haionekani tena, Atupele akatua mzigo wake, akakaa chini katikati ya njia.

Syabumi akachuchumaa mbele yake. "Mama," akasema, "mimi nilidhani umenileta kuniacha."

"Hata mimi nilidhani hivyo," Atupele akasema, na hapo akalia, akacheka, akamkumbatia mtoto mpaka wote wawili wakajaa vumbi la mahindi. Wenzake wakamngojea. Hakuna aliyemharakisha.

Mwakalukwa alisimama pembeni akitazama. Hakutoa sauti siku ile mpaka kijijini. Watu walipotoka mbio kuona mizigo, wakamzunguka wakimsifu, maana walijua ndiye msemaji. Akawanyamazisha kwa mkono. "Msinisifu mimi," akasema. "Mimi nilipanda na njaa yetu mdomoni, nikaitema mbele ya mtu kabla sijamwuliza hata habari za nyumbani kwake. Ilibaki kidogo tumwache mtoto wa marehemu kaka yangu kule juu kwa sababu ya mdomo wangu. Nendeni mkawaambie watoto wenu: kabla hujataja njaa yako, uliza ya mwenzako."