Stafeli la Mize

Paukwa!

Pakawa!

Haya, wa nyuma sogeeni, maana mimi sirudii.

Hapo zamani za kale, miti ikisema na watu, palikuwa na mama, Bi Mashavu, na bintiye Mize. Mize aliugua homa. Homa ikaondoka, ikaondoka na hamu ya kula. Uji hataki, wali hataki. Siku moja akanong'ona, "Labda stafeli."

Uani palikuwa na mstafeli wenye tunda moja, changa, kama ngumi ya mtoto. Bi Mashavu akapania likue upesi. Kwanza akawafukuza watoto wa jirani waliokuja kumwona Mize, eti mgonjwa apumzike. Kisha akayageukia majani. "Nyie mnakunywa maji ya mwanangu bure." Akayapukutisha ya matawi ya chini, akamwaga mtungi mzima shinani.

Kesho yake stafeli likasema, "Mama, njaa."

Akachuma ya katikati, akamwaga mitungi miwili.

Kesho kutwa, "Mama, njaa."

Akachuma mpaka mkono ulipokoma, akamwaga mitungi mitatu.

Siku iliyofuata tunda limesinyaa, sauti imekwisha. "Mama, njaa."

"Nimekutekea mpaka mgongo unaniuma," Bi Mashavu akasema. "Unataka nini tena?"

"Maji nayapata, mama. Yanapanda toka mizizini, yananifikia kwenye kikonyo. Lakini chakula hupikwa na majani. Yanapika kwa jua, utamu unapita chini ya gome mpaka kwangu. Umewafukuza wapishi wangu. Wamebaki wa kileleni tu, usiowafikia."

Bi Mashavu akayatazama majani makavu miguuni pake. Akautazama mlango wa Mize, kimya, hapana mtoto hata mmoja. Roho ikamuuma. "Nisamehe, mwanangu," akasema, asijue anamwambia yupi kati ya wawili.

Akapita nyumba kwa nyumba, akawarudisha wale watoto. Wakajaa kitandani kwa Mize, wakabishana, wakagombea vijiko.

Mstafeli nao ukachipua, tunda likanenepa polepole. Alasiri moja, kabla halijaiva, Bi Mashavu anafagia ua, akasikia, "Mama, njaa."

Akalikimbilia stafeli.

"Si mimi," likasema. "Nenda ndani."

Akautupa ufagio, akaenda kumpakulia Mize uji huku analia.

Hadithi yangu naitua hapo. Stafeli liliiva, Mize akagawana na wenzake; mimi nilipofika nilikuta mbegu tu.