Mpelelezi Aliyerudi Kuikana Habari Yake

Wametusimulia wema waliotutangulia, na Mola ndiye ajuaye zaidi, kwamba mji mmoja wa Waislamu ulizingirwa na adui miezi mitatu, hata watu wakawa wanachemsha ngozi na kuzila, na huku shayiri yao imeiva nje ya ukuta.

Siku moja pakaonekana pilikapilika kambini mwa adui. Amiri Mutarrifu akamtuma mcha Mungu mmoja, jina lake Nufaili, akapeleleze kama wanaondoka, akamwagiza afike hadi kisimani mwao.

Nufaili akapanda kilima, akaona mahema yanang'olewa na ngamia wanapakiwa mizigo. Lakini kushuka hadi kisimani akaogopa. Msimcheke, ndugu zangu; nani kati yetu haijui hofu? Akageuka pale pale.

"Umefika kisimani?" Amiri akamuuliza.

"Nimefika, ewe Amiri. Wanaondoka."

Mji mzima ukapiga takbira. Ikatangazwa kwamba baada ya sala ya Alasiri malango yatafunguliwa, watu wakavune.

Nyumbani alimkuta mkewe, Raita, ananoa mundu, na wanawe watatu wamekwisha kushika vikapu.

"Raita, leo msitoke," akasema kwa sauti ya chini.

"Subhanallah! Si wewe uliyesema wanaondoka?"

"Nimesema. Lakini ninyi bakini."

Raita akauweka mundu chini. "Baba Lubna, kama nje si salama kwa wanangu, ni salama kwa watoto wa nani?"

Wallahi, neno hilo lilimkata maini. Alijua fika kwamba adhabu ya mpelelezi mwongo ni upanga. Hata hivyo alikwenda mbio, akasimama mbele ya Amiri na watu wote.

"Nimekudanganya, ewe Amiri. Kisimani sikufika, niliogopa. Nimeona mahema na ngamia tu. Hayo ya kuondoka nimeyadhani."

Watu wakamzomea, na mwanamke mmoja akamtemea mate. "Shingo yako tutaizungumza baadaye," Amiri akasema. "Sasa nenda kisimani."

Akaenda akitambaa, dua mdomoni. Akakuta viriba vyote vya maji vya adui vimeanikwa, vikavu kabisa, ilhali kurudi kwao ni jangwa la siku nne. Nani avuke jangwa bila maji? Na nyuma ya kisima wapanda farasi wamejificha, wanangoja lango lifunguliwe.

Basi lango halikufunguliwa. Njaa ikaendelea siku tisa zaidi, na mzee mmoja akafa, Mola amrehemu. Nufaili ndiye aliyemchimbia kaburi. Siku ya kumi adui akajaza viriba, akaenda zake kweli.

Watu walipokuwa wanavuna, Nufaili akaenda kwa Amiri, akapiga magoti na kuinamisha shingo. Amiri akamwinua, machozi yanamlengalenga.

"Ninao wapelelezi kumi, nao huniambia waliyoyaona. Wewe peke yako umerudi kukiri usiyoyaona."

Nasi leo, ndugu zangu, tunazipokea habari na kuzitangaza kana kwamba tulikuwapo! Mola atujaalie ujasiri wa kusema "sikuona", hata mbele ya watu wenye njaa.