Kibao Kilichosimamishwa

Jamani, kabla sijafungua Neno, niazimeni masikio niwape kisa cha mtu mmoja na kibao chake. Na nyinyi mama zangu wa pale dirishani msianze kutazamana, kisa hiki hakimhusu jirani yenu. Jina la mtu huyo silitaji, maana nikilitaja kila mmoja atashusha pumzi aseme, afadhali si mimi.

Kulikuwa na mtaalamu mmoja wa mito. Kazi yake ilikuwa kupima maji: mto una kina gani masika, na kiangazi unabaki na nini. Alizaliwa kwenye vilima vya baridi kama hivi vyetu. Wazazi walifariki mapema, akalelewa na dada yake mkubwa, akasomeshwa kwa maziwa ya ng'ombe wa dada huyo. Akasoma, akasoma tena, mpaka wizara ikamchukua. Kijijini wakamwita Dokta, na mtoto akitoroka shule anaambiwa, hutakuwa kama Dokta.

Chuoni alikuwa na mwenzake, mwanamke wa darasa moja naye. Wawili hawa walipima mito pamoja, wakanyeshewa pamoja, wakagawana hindi moja la kuchoma wakisubiri lori la kuwarudisha. Alimpenda kama ndugu wa tumbo moja. Alimpenda hivyo hivyo kwa miaka, mpaka siku mwenzake alipochaguliwa.

Kuchaguliwa wapi? Mmesikia redioni kwamba liko jopo la wataalamu wa dunia nzima. Kila baada ya miaka kadhaa huketi, wakapitia tafiti zote za hali ya hewa inavyobadilika, kisha wakaziambia serikali: joto linaelekea huku, mvua inaelekea kule, umeme wa namna hii utawafaa, na wa namna ile una hatari zake. Nchi ya hawa wawili ilipeleka majina mawili, la mwanamume na la mwanamke. Likapita la mwanamke.

Yule bwana akampigia simu. "Hongera sana, dada! Umetutoa kimasomaso." Akakata simu, akakaa mezani, na ugali ukagoma kushuka. Mkewe akamwuliza, "Baba, unaumwa?" Akajibu, "Tumbo tu." Ndugu zangu, halikuwa tumbo. Ni mangapi sisi tumelisingizia tumbo?

Kuanzia siku hiyo roho ikawa inamuuma asubuhi na jioni. Kwa nini yeye? Si mimi niliyemwonyesha jinsi ya kushika kipimo mtoni? Si hesabu alikuwa anachungulia kwangu? Mwenzake akihojiwa redioni, yeye anazima redio, halafu anaiwasha tena ili asikie kama atakosea. Rasimu za ripoti zilipotumwa alizisoma zote. Mnajua mama anavyochagua mchele kwenye ungo? Basi yeye alitafuta mawe tu, yaani makosa, mchele akauacha pale pale. Na mawe yenyewe hakuyapata, jambo lililomkera kuliko yote.

Ikafika siku ya kupitisha muhtasari ambao viongozi wa nchi watausoma. Sasa sikilizeni desturi ya kikao kile, maana mambo yote yako hapo. Hawapigi kura. Sentensi huonyeshwa ukutani, moja baada ya nyingine, nchi zote zikitazama. Kila nchi ina kibao chenye jina lake mezani, na anayetaka kusema hukisimamisha wima. Kukiwa kimya, sentensi imepita. Nchi moja ikipinga, mnajadiliana, na mkishindwa kuelewana sentensi inaondoka. Nchi moja tu inatosha.

Yule bwana alikuwemo katika ujumbe wa wizara, ameketi nyuma ya kibao cha nchi yake. Mwenzake alikuwa mbele, jukwaani, pamoja na waandishi. Ukutani ikaja sentensi ambayo yule mama ndiye aliyeiandika. Ilisema mito ya nyanda zao za juu itapungua sana wakati wa kiangazi, na kwamba nchi zinazotegemea mabwawa peke yake zitakuwa na umeme wa uhakika zaidi zikichanganya na jua, upepo na mvuke wa ardhini.

Je, ilikuwa kweli? Ilikuwa kweli tupu, na hakuna aliyejua hivyo kuliko bwana yule. Mito ile aliipima kwa mikono yake. Angekaa kimya, ingepita. Lakini mjumbe wa nchi ya mbali akashika kipaza sauti akasema, "Tunampongeza mwandishi wa sentensi hii." Ukumbi mzima ukamgeukia yule mama, naye akatabasamu. Tabasamu lile likamchoma bwana yule mpaka kwenye mifupa. Mkono wake ukakifuata kibao, ukakisimamisha.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "kwa ukanda wetu ushahidi bado ni mdogo. Tunaomba sentensi hii iondolewe."

Watu wakashangaa, kwa sababu aliyepinga alikuwa ndugu wa mwandishi, wa nchi moja naye. Mwenyekiti akamtaka mwandishi aeleze. Yule mama akasimama, hakupandisha sauti. "Mheshimiwa mwenyekiti, vipimo tulivyotumia vilichukuliwa na wataalamu wa nchi hiyo hiyo inayopinga. Ni watu makini, nawaamini."

"Nchi yetu inashikilia msimamo wake," bwana yule akajibu.

Ilikuwa alasiri ya mwisho. Wajumbe walishaegesha masanduku mlangoni, wengine wakitazama saa, ndege zinawangoja. Mwenyekiti akauliza mara moja tena, kibao kikabaki kimesimama. Sentensi ikafutwa. Ndani ya ripoti kubwa maelezo yalibaki, lakini ripoti ile ni nene kama tofali, na niambieni, ni kiongozi gani atakesha na tofali? Husomwa muhtasari.

Ukumbini, watu wakitoka, yule mama alimfuata. "Kaka, mito ile si tulipima wote?"

"Hiyo ni kazi, dada. Usiiweke moyoni."

Na nisiwadanganye, usiku ule alikula akashiba. Wivu una utamu wake, ndiyo maana tunaurudia.

Miaka ikapita. Serikali ikataka kupeleka umeme kwenye vilima vile. Mbele yao kulikuwa na njia mbili: bwawa kwenye mto wa kijiji cha bwana yule, au mvuke wa chemchemi za maji moto zilizoko ng'ambo ya mlima. Mkubwa mmoja akauliza, "Muhtasari wa dunia unasemaje kuhusu mito yetu?" Wakaufungua, haukusema kitu. Wakamgeukia mtaalamu wao. Na yeye angesema nini? Angesema mto utapungua kiangazi, wangemwuliza mbona kule ulipinga. Akatazama meza, akasema, "Hakuna kizuizi." Bwawa likajengwa.

Umeme ukafika kijijini, ikawa furaha. Akina mama wa ushirika wa maziwa, mwenyekiti wao akiwa dada yake yule aliyemsomesha, wakanunua tangi la kupozea maziwa. Masika mbili tatu mambo yakaenda vizuri. Halafu kikaja kiangazi kile kilichotabiriwa na sentensi iliyofutwa. Mto ukawa njia ya mbuzi, mitambo ikasimama, tangi likanyamaza.

Bwana yule akaenda kwao. Alipokaribia, tangu barabarani alisikia harufu ya maziwa yaliyochacha. Akawakuta akina mama wamepanga foleni kama siku ya kuuza, ila siku hiyo kila mmoja alikuwa anamwaga ndoo yake mtaroni. Dada yake alikuwa wa mwisho.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umetukuta tunanywesha mtaro." Akajaribu kucheka, kicheko hakikuja. "Kosa ni langu mimi."

"Lako kivipi?"

"Kabla ya bwawa alikuja hapa mama mmoja mtaalamu, kwa nauli yake mwenyewe. Akatuambia mto huu utakauka kiangazi, tuiombe serikali ule mvuke wa ng'ambo. Watu wakaanza kumsikiliza. Mimi nikasimama, nikamwuliza, unamjua mdogo wangu, Dokta? Akasema, namjua sana. Nikamwuliza, kwenye kikao chenu cha dunia alikuwemo? Akasema, alikuwemo. Basi nikawaambia watu: kungekuwa na hatari, mdogo wangu angesema. Hawezi kutazama mto wa kwao ukikauka akanyamaza. Watu wakapiga makofi. Nikamwambia yule mama, haya, jibu."

"Akajibu nini?"

"Hakujibu. Aliniangalia, akainama, akafunga mkoba wake, akatuaga vizuri. Tulimzomea mpaka darajani." Dada akakung'uta ndoo. "Sasa niambie wewe uliyekuwemo. Kwani hukujua?"

Kisa changu kinaishia hapo. Mnataka kujua alijibu nini? Mimi nataka kujua yule mama alinyamaza kwa nini. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na kwa neno hilo bwana yule asingeweza tena kukanyaga kwao. Mtu aliyemfutia sentensi yake mbele ya dunia, yeye akamfichia aibu mbele ya dada yake, akakubali kuzomewa badala yake. Je, huyo ndiye aliyekuwa adui?

Ndugu zangu, sisi hatuna vibao vya nchi, lakini mikono tunayo. Kwaya imeshindwa kununua spika kwa sababu wazo lililetwa na fulani. Kisima kimekaa bila pampu kwa sababu aliyemjua fundi ni yule tusiyesalimiana naye. Tunasema, "Jambo hili tulitafakari kwanza." Tunasema, "Ushahidi bado." Mungu anatusikia, na anajua kabisa kwamba tumbo haliumi.

Leo baada ya ibada tuna kikao. Ajenda ni umeme wa jua kwa zahanati yetu, ambako wiki iliyopita mkunga alimzalisha binti wa mtu kwa tochi ya simu. Na mnajua ni nani aliyeleta wazo hilo, maana nimeona nyuso zilivyokunjamana nilipolitangaza. Ukiona kasoro, iseme, ndiyo maana ya kikao. Ila kabla hujainua mkono, jiulize: wazo hili hili lingeletwa na mimi, ningelipinga?

Kikao ni saa saba. Yule binti na mtoto wake wako pale nyuma. Tusimame, tuombe.