Kima Chumbani kwa Bi Mize

Palikuwa na Sultani mmoja kisiwani aliyependa kima kuliko watu, na wala hakulificha hilo. Kima wekundu walikuwa wamebaki wachache msituni, hilo ni kweli, na mtu mwenye akili angesikitika. Sultani hakusikitika tu, alitunga sheria. Mpiga mbiu akazunguka mitaani na pembe yake: kima ni Sultani mwenyewe, amgusaye kima kamgusa Sultani, na shamba lake litatwaliwa liwe msitu.

Kima si wajinga. Walijua mara moja kwamba wamekuwa mabwana. Walishuka wakala majani ya kunde, wakala maembe machanga, na walipovimbiwa wakaiba makaa jikoni wakayatafuna kama kashata. Watu walisimama kando wakiwaamkia.

Bi Mize hakuwaamkia. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, shamba la kunde lisilozidi ua wa msikiti, na ulimi ambao marehemu mumewe aliuombea dua mpaka akafa. Asubuhi moja alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaingia chumbani, akamkuta kima dume kajilaza kitandani anatafuna kaa. Akamchapa mwiko wa matakoni. Jirani akaona, jirani akasema, na kabla ya adhuhuri Bi Mize alikuwa barazani kwa Sultani, moyoni akiwaza wanawe watakula nini shamba likienda.

Sultani, kadhi wake kaketi kando, akamwuliza kama hakusikia mbiu.

"Nimeisikia, Bwana. Hata kima wameisikia."

"Kima wamebaki wachache, mwanamke wewe."

"Na mimi wanangu ni watatu tu, Bwana. Nao hawaongezeki, baba yao kafa."

Watu wakakohoa. Sultani akakunja uso. "Sheria haina mzaha. Umempiga kima, umenipiga mimi."

"Kima yeyote, Bwana? Hata aliyenyonyoka mkia?"

"Yeyote. Kima ni mimi."

"Akiwa mtini?"

"Ni mimi."

"Na akiwa ndani ya nyumba?"

"Mtini, nyumbani, popote alipo ni mimi. Nirudie mara ngapi?"

"Inatosha, Bwana. Kadhi amesikia."

Bi Mize akajitanda kanga yake vizuri, akamgeukia kadhi kwa adabu. Akamwuliza, mwanamume akifumaniwa chumbani kwa mwanamke asiye na mume, desturi ya mji inasemaje? Kadhi, ambaye juzi tu alikuwa ameozesha watu kwa njia hiyo, akajibu bila kufikiri kwamba hutandikwa mkeka wakaozwa papo hapo.

"Basi naomba mkeka," akasema Bi Mize. "Leo asubuhi nimemkuta Sultani kitandani kwangu. Nguo hana. Mkia siutaji, hapa pana watu na wakwe zao."

Nyuma ya pazia, mke mkubwa wa Sultani akaweka kikombe chini kwa kishindo. "Kitandani kwa nani?" akauliza.

Sultani akasimama, kilemba kikamwendea upande. "Mke wangu, usimsikilize. Aliyekuwa kitandani ni kima. Kima tu, wallahi, mnyama wa msituni, na mimi si yeye."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mize. "Na aliyechapwa mwiko ndiye huyo huyo."